Kaye ya matanga

Jumamosi ya 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka, mbingu ya Goma iligeuka nyekundu kama ndani ya mbabula yenye makaa, nami nikasimama katikati ya chumba nisijue nibebe nini. Mdogo wangu alikumbatia televisheni. Jirani alikuwa akifunga kuku miguu. Mimi nilivuta droo, nikatoa kaye moja, daftari la kurasa 96, nikaifunga katika mfuko wa plastiki na kuiingiza ndani ya blauzi. Tulipofika njia ya Sake, katikati ya watu, magodoro na machukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, shangazi yangu alinimulika kwa tochi ya simu.

"Sufuria zote umeacha, umebeba kaye ya shule?"

Si kaye ya shule. Ni kaye ya matanga ya sendika yetu, chama cha wafanyakazi, na wakati ule nilikuwa nimeitunza miaka saba. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Tulirudi, tukaamriwa kuhama tena siku chache baadaye, tukarudi tena. Sufuria tulizikuta salama, na shangazi hajaacha kunikumbusha.

Nilifanya kazi ndani ya ndege miaka 12, kuanzia 2004. Kazini tunaitwa PNC, wafanyakazi wa kabini. Mtaani tunaitwa hotesi, hata wanaume, nao hawapendi. Katika kaye hiyo mna majina ya wenzetu 23, wengine tuliruka nao, wengine walikuwa wa chini lakini tulikaa nao katika sendika, wote wamekufa. Majina yenyewe sitayaandika hapa. Watoto wao wako hai, baadhi wanatafuta kazi, na jina la marehemu si kitu cha kumwaga barabarani. Nitawaita kama tulivyowaita tukiwa kazini.

Ukimuuliza mtu wa Goma wahudumu wa ndege wanakufa namna gani, atakujibu kabla hujamaliza swali: na ndege. Mama yangu mzazi alikuwa akiniaga kila asubuhi kama mtu anayeenda vitani. Kumbe kati ya wale 23, waliokufa ndani ya ndege ni wawili tu. Waliobaki walichukuliwa na malaria, na uzazi, na sukari, na presha, na pikipiki, mmoja na risasi iliyopita dirishani akiwa anapika. Walikufa chini, kama watu wote, na hapo ndipo ugumu ulipo. Anayekufa na ndege anatajwa redioni siku tatu, serikali inatuma watu, picha zinapigwa. Anayekufa na figo anazikwa na wale waliobahatika kupata habari.

Aliyeanzisha kaye ni mama mmoja tuliyemwita Mama Shefu, kwa kuwa alikuwa shefu wa kabini tangu wengi wetu tukiwa shule. Mama mfupi, mkali, mwenye viatu vya aina mbili katika mkoba: vyenye kisigino vya kupokelea abiria mlangoni, na vya bapa vya kufanyia kazi mlango ukishafungwa. Msichana mgeni akisahau kubadilisha viatu, Mama Shefu hakumgombeza. Alimwangalia miguu mpaka abadilishe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kimya cha kuruka. Ndege inapoanza kukimbia kwenye pisti, njia ya kurukia, hotesi aliyekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mgongo umenyooka, viganja chini ya mapaja, anaonekana kama mtu anayesali au aliyechoka. Anafanya kazi. Anajiuliza: mlango wangu ni upi, mpini wake unakwenda wapi, nani hapa karibu ana mikono ya kunisaidia, nani ana mtoto, kizima moto kiko wapi, ikitoka amri neno langu la kwanza ni lipi. Dakika tatu za kwanza na nane za mwisho ndizo tunazofundishwa kutoziamini, na kile kimya kinarudiwa kila safari, hata ukiruka mara nne kwa siku. Wapo waliokuwa wakihesabu pesa za soko kichwani. Mama Shefu aliwajua kwa macho tu.

Jambo lingine alilotufundisha halimo katika kitabu chochote. Amri za kutoa watu tulizikariri kwa Kifaransa, kwa sauti moja, kama watoto wa shule ya msingi. Siku moja akatusimamisha katika ndege tupu akatuambia tupige kelele kwa Kiswahili. Tukaona haya, tukacheka.

"Mama wa Masisi anayepanda ndege mara ya kwanza, umupigie kelele ya Kifaransa moto ukiwaka, atakuangalia tu," alisema. "Semeni: fungua mukanda! Acha muzigo! Kuya huku!"

Tukasema. Tena kwa nguvu. Halafu kwa Lingala. Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kufanya kazi mpaka mtengenezaji wake aonyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 nusu ya milango ikiwa imefungwa. Mama Shefu alikuwa akizicheka hizo sekunde 90. Alisema waliozipima hawajawahi kumpakia mama wa Birere, mtaa wa soko hapa Goma, na mabegi yake.

Birere. Tarehe 15 Aprili 2008 nilikuwa nyumbani, zamu yangu ilikuwa kesho yake. Pisti ya Goma wakati ule ilikuwa fupi: lava ya Januari 2002 ilikuwa imefunika sehemu yake ya kaskazini, na upande wa kusini mji umeisogelea mpaka mtu akipika sambaza unasikia harufu ukiwa uwanjani. Siku hiyo DC-9 iliyokuwa inaelekea Kisangani ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti, ikaingia moja kwa moja katika maduka na nyumba za Birere. Wapatao 40 walikufa. Wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa watu waliokuwa wakiuza unga, vitenge, betri za redio.

Haikuwa ndege ya kampuni yetu, lakini moshi haukutuambia hivyo. Katika nusu saa simu zilijaa mpaka mtandao ukakataa. Mama Shefu alikuwa amekaa kwenye ukuta wa parseli ya jirani yake, kaye ya mwanawe mapajani, akipiga simu kwa kila mtu wa kabini aliyemjua Goma, wa kampuni zote, mmoja mmoja. Aliyepokea, anamwekea alama ya vema. Aliyepokelewa na mtu mwingine, anaandika jina la huyo mtu. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa kaye ya matanga ni orodha ya walio hai, majina 41, kalamu ya bic ya bluu, yote yamewekewa vema. Vema moja ni kubwa kuliko nyingine na imetoboa karatasi. Ni ya rafiki yake wa utotoni, aliyepokea simu jioni kabisa.

Chini ya ukurasa huo aliandika: *Watu ya Birere, majina hatuyajui.* Kila tunaposoma kaye, mstari huo unasomwa pia. Kuna kijana mmoja aliwahi kuuliza sendika ya wahudumu inahusianaje na wauza unga. Hakujibiwa, na mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kuusoma.

Miaka miwili baadaye, 25 Agosti 2010, ndege ndogo ya L-410 ilianguka Bandundu ikikaribia kutua. Kati ya watu 21 alipona mmoja. Huyo ndiye aliyesimulia kwamba mamba alichomoka katika begi la abiria, hotesi akakimbilia upande wa marubani, watu wakamfuata wote mbele, ndege ikapoteza mizani yake. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Na dunia ilicheka, mjue. Hapa Goma nilisikia watu katika taksi wakiigiza mamba. Abiria wangu mwenyewe aliniuliza akicheka, nikimpa maji, "Leo hamna mamba?" Nikamjibu hamna, baba.

Jioni ile tulikuwa na kikao. Mzee Delege, mwakilishi wetu wa sendika, aliingia, akaketi, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kila mutu anamujua mamba. Nani anamujua ule mutoto?" Alikuwa anamsema yule hotesi. Na kweli, mpaka leo ukimtajia mtu ajali ya Bandundu atakuambia habari za mamba. Mimi huwa nafikiria ule upana wa njia ya kati katika L-410, ambayo hata kusimama wima huwezi, na msichana mmoja, na watu nyuma yake. Tulipiga simu Kinshasa kwa wenzetu wiki nzima mpaka tukapata jina lake na la marubani. Limo kwenye kaye, ingawa hatukuwahi kuonana. Yeye hayumo katika wale wawili niliowataja. Nimemhesabu peke yake.

Mzee Delege mwenyewe anastahili maneno zaidi. Alianza kuruka miaka ya 1970, wakati wa suti za abakosi za enzi ya Mobutu, katika shirika moja kubwa la zamani. Enzi zile abiria walivuta sigara ndani ya ndege dunia nzima. Wavutaji walikalishwa nyuma, na nyuma ndiko waliko jiko la ndege na viti vyetu. Mzee alikuwa Mlokole, hakugusa sigara hata siku moja, lakini alitusimulia kwamba akifika nyumbani mkewe alimvulia shati nje, kwenye kamba, kabla ya kumruhusu kuingia. Alianza kukohoa akiwa na miaka 50. Alikufa 2012 mapafu yakiwa yamechoka kabisa. Daktari aliandika mapafu, hakuandika moshi, na sisi hatuna karatasi ya kuthibitisha lolote.

Ila Mzee alikuwa ametuonyesha, kabla ya kufa, habari moja aliyoichapisha mwenyewe cybercafé na kuikunja mara nne. Huko Marekani wahudumu wa ndege wasiovuta sigara, waliougua kwa moshi wa abiria, waliwashitaki watengenezaji wa sigara. Mwaka 1997 kesi iliisha kwa makubaliano: kampuni zikatoa dola milioni 300 za kuanzisha mfuko wa utafiti wa magonjwa hayo. Mzee hakuota kulipwa. Kilichomfurahisha ni kwamba kuna watu mahali fulani walikaa, wakahesabu wenzao wanaokohoa, wakaona hesabu inazidi bahati mbaya. "Unaona? Waliandika," alisema. Alilirudia neno hilo: waliandika.

Habari nyingine alizokunja mara nne bado tunazo. Ya Barbara Jane Harrison, miaka 22, aliyebaki nyuma ya Boeing 707 iliyokuwa inawaka London tarehe 8 Aprili 1968, akiwasukuma watu nje mpaka yeye akakosa pa kutokea. Ya Neerja Bhanot, Karachi, 5 Septemba 1986, aliyewafungulia abiria mlango wakati watekaji wanapiga risasi, akafa kabla ya kutimiza miaka 23. Na ya 11 Septemba 2001, siku ambayo wahudumu 25 walikufa katika ndege nne. Mzee alipenda kumtaja Betty Ong, aliyepiga simu kutoka nyuma ya ndege na kuzungumza zaidi ya dakika 20, akitaja namba za viti, nani amechomwa kisu, nani yuko chumba cha marubani. Watu wanaposimulia siku ile wanasimulia ushujaa. Mzee alisema namba za viti. Mtu anayejua atakufa anataja namba ya kiti kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu wa chini watahitaji kujua.

Mama Shefu alikufa 2014, Kinshasa, alikokwenda kutibiwa figo. Tulichanga kumleta nyumbani, ni zaidi ya kilomita 1,500 na barabara hakuna, kwa hiyo ni ndege tu. Zamu ikaniangukia mimi. Ningeweza kuomba nibadilishwe. Sikuomba.

Nilikuwa nimekwisha kuwa shefu wa kabini, basi karatasi ya uzito ilipita mkononi mwangu mlangoni kabla ya kufika kwa komanda, rubani mkuu. Katika safu ya mizigo iliandikwa HUM 1, kilo 148. HUM ni alama inayotumika katika ndege za dunia nzima kwa maiti iliyo ndani ya jeneza. Mama Shefu hakuwahi kufika hata kilo 60. Kilo nyingine zote zilikuwa mbao na zinki.

Nikahesabu abiria. Alitufundisha kuhesabu kwa kugusa mgongo wa kila kiti, si kwa macho, na alisema wako watatu ambao hesabu huwa inawaruka: mtoto wa mapajani, mtu aliye chooni, na aliyelala. Nilipata 87. Karatasi ilisema 87. Nikarudi nyuma nikahesabu tena, nikigusa viti vyote. Mwenzangu akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hapana, nafunga mlango.

Kabla ya kutua nilitoa tangazo la kawaida kwa lugha tatu. Nilisema halijoto ya Goma ni digrii 21. Nilishukuru kwa niaba ya komanda na wahudumu wake wote. Sauti haikutetemeka, na hilo bado linanishangaza, kwa sababu nilipofika chini, pale kwenye ngazi, sikuweza kumwambia hata mpakiaji jambo. Mvua ilikuwa inaanza. Mpakiaji mmoja mzee, aliyemfahamu Mama Shefu tangu ujana wao, alivua koti lake la kazi la rangi ya machungwa akalitandaza juu ya jeneza, upande wa kichwa, akabaki na singlendi akilowa. Watu wazima sita walisukuma lile toroli polepole mno, kana kwamba lilikuwa na mtu anayelala usingizi mwepesi.

Matanga yaliisha siku ya tano. Kazi ndipo ilipoanza, na hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyenifundisha.

Mumewe aliambiwa alete cheti cha ndoa. Walioana kimila, mahari ilitolewa mbele ya wazee, ng'ombe walihesabiwa, lakini ofisi ya komini kuandikisha ndoa hawakufika kamwe. Akaambiwa alete vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne. Alikuwa na viwili. Akaambiwa alete karatasi za mshahara. Mama Shefu alikuwa amezihifadhi katika boksi la viatu, zote, mwaka kwa mwaka, na ndiyo yaliyotuokoa, lakini tulipozilinganisha na yaliyopelekwa hifadhi ya jamii tukakuta miaka ya mwanzo mwajiri hakumtangaza kabisa. Kwenye karatasi ya mshahara pesa ilikuwa imekatwa; kule ilikotakiwa kufika haikufika. Mwajiri huyo simtaji, na kwa kweli si wa peke yake. Dekonti finali, yaani hesabu ya mwisho ya haki zake, ilichukua miezi 14. Nilivaa viatu viwili vikaisha. Nilijifunza kwamba karani hakupi jibu ukienda mara moja kwa wiki. Anakupa ukienda kila siku saa ile ile mpaka akose amani. Nilijifunza kuomba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, kila karatasi, hata barua ya mistari miwili.

Baada ya hapo sendika ilianza kuzunguka kwa walio hai. Tulimwendea kila mwenzetu na orodha: ndoa ya komini, vyeti vya watoto, namba ya hifadhi ya jamii, jina la mtu wa kupigiwa simu. Ah, tulitukanwa. Mmoja alinifungia geti. Mwingine, mama wa Bukavu, aliniuliza kwa upole kabisa kama tayari nimeshanunua na jeneza lake. Lakini wanandoa tisa walikwenda komini mwaka ule, mmoja wao na wajukuu nyuma, na tulikunywa bia.

Nimesimulia haya kana kwamba niliyafanya vizuri yote. Kuna ukurasa nilioukosea.

Tulikuwa na kaka mmoja wa kabini, mzaliwa wa Bukavu, tulimwita Msafi kwa jinsi alivyopiga pasi kola. Kampuni yake ilisimamisha ndege, watu wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Mchango wa sendika ni dola 5 kwa mwezi, na sheria yetu, ambayo mimi mwenyewe niliiandika kwa mkono wangu, inasema asiyelipa miezi mitatu amejitoa. Msafi hakulipa mitatu. Mwezi wa nne, mwaka 2017, sukari ikamwua, kwa kuwa alikuwa amepunguza dawa ili zimfikishe mbali. Mkewe alipiga simu. Nikafungua kaye, nikaona mapengo matatu, nikamwambia, kwa sauti ile ile ya digrii 21, kwamba kwa masikitiko makubwa mfuko hauwezi.

Nilikwenda kwenye matanga. Nilibeba mchele wangu mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima na hakuna aliyenisema, mkewe aliniletea maji. Jina lake halikuandikwa katika kaye, kwani kaye ilikuwa ya wanachama.

Wenzangu wengine waliona sheria ni sheria, na hoja yao haikuwa ya kijinga: mfuko ukiwafungulia wote, unakauka, na anayefuata anakosa. Nilijitetea na hoja hiyo muda mrefu. Lakini Mama Shefu alikuwa ameandika wauza unga wa Birere ambao hawakuwahi kutoa hata faranga moja, kwa hiyo nilijua ninajidanganya.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini. Asubuhi unasikia kuku na majenereta, husikii injini. Wenzetu wametawanyika, Kinshasa, Lubumbashi, Kampala, na tunasomeana majina kwa simu. Mara ya mwisho kukutana wengi ilikuwa Mei Mosi ya 2024, katika parseli moja ya Himbi, alasiri. Tunasoma kaye kwa kupokezana, kila mtu jina moja, na baada ya majina tunakaa kimya kama wakati wa kuruka, viganja chini ya mapaja. Wageni hudhani ni dini.

Siku hiyo, kabla hatujaanza, mwanamke aliingia getini na msichana wa miaka kama 15. Sikumtambua mpaka alipofika mbele yangu. Mke wa Msafi. Alifungua pochi akatoa noti ya dola 10 na ya 5, zimenyooshwa, akaziweka juu ya kaye.

"Ni ile miezi tatu," alisema. "Mumuandike."

Nikamwambia, "Mama, hapana, sisi ndio tunaokuomba msamaha, chukua pesa yako." Alitikisa kichwa. Nikamrudishia mkononi, akaziweka tena. Mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, pokea." Nikapokea. Nikamwandikia risiti, kwa sababu aliisubiri, nikapiga mhuri. Halafu nikafungua ukurasa wa 2017, pembeni palikuwa na nafasi ya mstari mmoja, nikaandika jina lake kamili, la ukoo na la ubatizo.

Aliinama kusoma, kidole chini ya maneno. Binti yake naye akainama.

"H," alisema yule mtoto. "Iko na H mbele."

Nikachukua bic nikaiongeza.